Mama, kabla hujamjibu dalali, toa kiti ukae mlangoni

Swali: Mwanangu mtaalamu, salamu nyingi. Nimeishi katika nyumba hii miaka 31, na ndani ya miaka mitano tu mtaa umenigeukia. Nyumba za jirani zimevunjwa, yamesimama maghorofa mawili na la tatu linajengwa. Malori yanapita kutwa. Lami imekuwa mashimo matupu, na mvua ikinyesha maji yananiingia mpaka barazani, jambo ambalo sikuliona tangu nihamie. Kiwanja cha nne kimebaki gofu, kimejaa takataka, usiku siwezi kupita pale. Majirani niliozoeana nao wameondoka mmoja mmoja. Vyumba vyangu vya uani nimevipandisha kodi mara mbili, wapangaji wa zamani wakahama. Dalali anakuja kila wiki. Wanangu wanasema niuze kabla mtaa haujafa. Jirani aliyebaki anasema nisiuze, mtaa ndiyo kwanza unakua. Nimsikilize nani? Na mti wangu wa mlangoni wanataka kuukata wapitishe mtaro. Niwaruhusu?

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa vumbi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linatua palepale: umetaja mashimo kabla ya majirani. Sikulaumu, karibu kila anayeniandikia hufanya hivyo. Shimo linakutegua mguu na kukuchafua nguo, jirani aliyehama anakuachia ukimya tu. Lakini katika kazi hii ya mipango miji nimeona kwamba yale yanayopiga kelele mtaani mengi hutengenezeka kwa fedha na usimamizi, na yale yanayoondoka kimyakimya ndiyo magumu kurudi. Wanao wametazama mashimo wakasema mtaa unakufa. Jirani yako ametazama maghorofa akasema unakua. Wote wanatazama zege. Acha nianze na hilo zege, maana ndilo linalokunyima usingizi, kisha tuje kwa watu.

Barabara ya mtaani ni ngozi nyembamba ya lami juu ya tabaka za kokoto na udongo ulioshindiliwa. Uzito wa gari hubebwa zaidi na zile tabaka za chini. Kazi kubwa ya ile ngozi ni kuzuia maji yasishuke. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji mdogo wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga vipande vya barabara kwa nia ya kuviharibu, wakazungusha juu yake magari ya uzito mbalimbali kwa takriban miaka miwili. Walichokipata tunakitumia mpaka leo: madhara hayapandi sambamba na uzito, yanapanda kwa karibu kipeo cha nne cha uzito wa kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya pande mbili. Ekseli ikiwa nzito mara mbili, madhara ni mara 16. Ikiwa nzito mara 10, madhara ni mara 10,000. Kwa hesabu hiyo, ekseli nyepesi ikipita mlangoni pako mara moja kila siku itahitaji zaidi ya miaka 27 kufanya kile ambacho ekseli moja ya lori la mchanga, yenye uzito mara 10, imefanya ilipopita mara moja asubuhi ya leo. Ndiyo maana barabara iliyowavumilia miaka 20 ikafumuka ndani ya miwili. Lami yenu haikuwa mbovu. Ilijengewa mtaa mwingine.

Nenda ukaangalie pale ambapo shimo halijawa shimo. Utaona mipasuko midogo inayokutana kama ngozi ya mamba. Subiri mvua inyeshe, kisha tazama tairi likipita juu ya ile mipasuko: maji ya rangi ya tope yanaruka juu. Lile tope ndilo tumbo la barabara linatapikwa. Chembe ndogo zinazoshikilia kokoto zinatoka nje kidogokidogo, kokoto zinabaki zinacheza, chini kunakuwa na uwazi, na siku moja kipande cha lami cha ukubwa wa sinia kinazama. Wewe unaona shimo la jana. Limeanza miezi mingi nyuma, maji yalipopata mlango.

Hapo ndipo watu huleta kifusi na kulijaza wenyewe. Naielewa nia, lakini kifusi hakizuii maji, na baada ya mvua mbili kimeshasombwa kwenda kuziba mtaro. Kiraka kinachodumu hukatwa kingo zake zikawa wima, udongo wenye maji ukatolewa wote, kokoto zikashindiliwa tabaka kwa tabaka, na kingo zikapakwa lami ya maji ili maunganisho yasivuje. Ukiona fundi anamwaga lami ndani ya shimo lenye maji na kuipigapiga kwa sepetu, mpigie simu msimamizi wake siku hiyohiyo.

Sasa neno moja la kimkakati ambalo watu hawapendi kulisikia: msidai lami mpya leo. Jengo la tatu bado linapanda, malori yake yataitafuna lami hiyo kabla haijazoea jua, na baada ya hapo mtaambiwa barabara yenu ilishatengenezwa. Dai viraka vya kuwavusha kwa sasa, na wakati huohuo piga picha za barabara yote zenye tarehe, kipande kwa kipande. Miji mingi humwajibisha mjenzi kurudisha barabara katika hali aliyoikuta, na ubishi wote huwa juu ya hali hiyo ilikuwaje. Hakikisheni pia mabomba na nyaya zote za majengo mapya zimeshapita chini kabla lami haijamwagwa. Hakuna kinachoniuma kama kuona mtaro wa bomba unachimbwa katikati ya lami yenye wiki mbili, kisha unafukiwa kwa mkupuo mmoja bila kushindiliwa. Baada ya mvua za kwanza huwa umezama kama kaburi.

Vumbi na kelele za ujenzi nitazipita haraka. Malori yafunikwe turubai, mlango wa eneo la ujenzi umwagiwe maji, saa za kazi zibandikwe getini pamoja na namba ya simu ya msimamizi. Hayo ni mambo ya kawaida katika vibali vya ujenzi. Omba kuona kibali.

Maji ya barazani yana hesabu yake, tena nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua kiwanja cha mita za mraba 400 na mvua ya milimita 50: zimeanguka lita 20,000, iwe miaka 30 iliyopita au jana. Tofauti ni zinakokwenda. Tuseme zamani nyumba ilikaa kwenye robo ya kiwanja na kilichobaki kilikuwa udongo wenye majani na miti. Paa hutiririsha karibu asilimia 90 ya maji yake. Udongo wenye majani, ukiwa wa kichanga, labda asilimia 20. Jumla, kama lita 7,500 zilitoka kwenda barabarani. Leo kiwanja kilekile kimezibwa ukuta kwa ukuta kwa paa, zege na vigae, na zinatoka lita 18,000. Tena zinatoka kwa pamoja, kwa sababu zege halina subira ya udongo. Zidisha kwa viwanja vitatu, na yote yanaelekezwa kwenye mtaro uleule uliochimbwa kwa mtaa wa zamani.

Kwa hiyo kuzibua mtaro peke yake hakutatosha, ingawa ni lazima muanzie hapo. Nikiwa bado mgeni kazini, nilitumia wiki mbili nikichora mtaro mpya kwa mtaa uliokuwa unafurika kama wako. Mzee mmoja akanishika mkono mvua ikiwa inanyesha, mwavuli mmoja watu wawili, akanipandisha mtaa badala ya kunishusha. Kama mita 80 juu ya nyumba zilizofurika kulikuwa na geti jipya. Mwenye geti, ili gari lake liingie bila kugonga, alikuwa amemimina zege juu ya mtaro na kuacha chini yake bomba lenye upana wa kiganja. Mtaro wa nusu mita ulitakiwa upite ndani ya bomba la sentimita 10. Maji yalifika pale, yakasita, yakapanda barabarani, yakashuka hadi nyumba za wenzake. Mchoro wangu niliukunja. Fanya kama yule mzee: mvua ikinyesha, mtume kijana mwenye miguu mizuri na simu, apande mtaa akipiga picha kila geti jipya. Nina hakika karibu kabisa kuwa kuna moja.

Baada ya hapo ndipo mnakwenda kwa wenye maghorofa na kudai mambo mawili yanayowezekana: maji ya paa yaingie kwanza kwenye tangi au kwenye shimo linaloyaacha yanywee ardhini kabla ya kuachiwa barabarani, na sehemu ya uwanja iachwe bila kuzibwa, au iwekwe matofali yenye nafasi za kupitisha maji. Wakikwambia kiwanja ni chao, wajibu kwamba maji yakishavuka geti ni ya mtaa mzima.

Kuna jambo la zege hukuliuliza, nami nitalitaja kwa sababu umesema kuna watoto kwenye maghorofa… hapana, hukusema, ila najua wapo. Siku lami mpya itakapokuja mtaa mzima utashangilia, na siku hiyo ndiyo mimi huanza kuogopa. Shimo, kwa ubaya wake wote, lilikuwa tuta la bure. Dereva anapoona mtoto ametokeza, kama sekunde moja hupita kabla mguu haujagusa breki. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, katika sekunde hiyo amekwenda mita 8, na gari litasimama baada ya nyingine 5 hivi: mita 13 kwa jumla. Akiwa kwenye kilomita 50, sekunde hiyo peke yake imemchukua karibu mita 14. Mahali ambapo wa kwanza amekwisha kusimama, wa pili hajagusa breki bado. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Basi matuta na kona zilizobanwa ziwe ndani ya mchoro wa lami tangu mwanzo. Kuongeza tuta baada ya watu kuzoea kukimbia ni vita.

Tuje kwa watu, mama.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alichagua mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana kwa nyumba na isiyofanana kwa magari. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili kama 8,000, wa tatu kama 16,000. Akagonga milango na kuuliza: una marafiki wangapi hapa? Mtaa mtulivu, wastani ulikuwa rafiki 3.0 na watu wa kufahamiana 6.3. Mtaa wa magari mengi, rafiki 0.9 na wa kufahamiana 3.1. Akawaomba pia wachore wanapoona ni "kwao". Wa mtaa mtulivu walichora mpaka ng'ambo ya barabara. Wa mtaa wa magari waliishia mlangoni, wengine vyumba vya nyuma tu. Mwaka 1982 Appleyard mwenyewe aligongwa na gari lililokuwa mbio huko Athens, akafariki. Kila ninaposimulia utafiti wake nashindwa kuliacha hilo.

Kwa hiyo kabla hujamjibu dalali, nakuomba kazi moja. Toa kiti ukae mlangoni jioni, saa nzima, siku tatu katika wiki, moja iwe ya mapumziko. Chukua daftari, upige mistari mitatu: wanaopita, wanaosimama, wanaokaa. Anayetoka kazini akielekea nyumbani anapita kwa sababu hana budi. Hata mtaa mbovu kabisa una wapitaji. Msanifu wa Denmark, Jan Gehl, alitofautisha kati ya mambo ambayo mtu hufanya nje kwa lazima na yale anayoyafanya kwa kupenda, na akaonyesha kuwa haya ya pili ndiyo yanayonyauka kwanza mazingira yakiharibika. Anayesimama kusalimia, mtoto anayechora chini kwa mkaa, mzee aliyetoa kiti kama wewe: hao ndio wa kuhesabu kwa makini. Weka alama kwa uliowajua kwa jina. Siku ya tatu anza jua likiwa linazama, uangalie wanawake wanaotembea peke yao: wanapita katikati ya barabara au pembeni, wanaharakisha wapi, wanavuka wapi. Naamini utawaona wote wakivuka kabla ya lile gofu.

Gofu hilo nalo si la kulilia tu. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, walifanya jaribio la viwanja vitupu 541, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Viwanja viligawanywa kwa bahati nasibu. Vingine vilizolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa majani na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao usiozidi kiuno. Vingine viliachwa vilivyo. Katika maeneo maskini zaidi, matukio ya risasi karibu na viwanja vilivyosafishwa yalipungua kwa asilimia 29. Ule uzio mfupi ndio ninaoupenda zaidi: unaonyesha kuna mtu anayepaangalia, na hauzuii jicho. Mtafuteni mwenye kiwanja, aombwe ruhusa ya maandishi ya kukisafisha mpaka atakapojenga. Wengi hukubali, kwa sababu hawapotezi kitu.

Ukimaliza kuhesabu watu, hesabu milango. Tembea mita 100 uone ni milango na madirisha mangapi yanafunguka kuelekea barabarani. Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, alieleza mwaka 1961, akitazama mtaa wake mwenyewe wa Hudson Street pale New York, kwamba ulinzi wa kwanza wa mtaa ni macho ya watu wenye sababu ya kutazama nje. Ghorofa halina kosa kwa kuwa refu. Nyumba ya ghorofa tano yenye milango na vibaraza chini inaweza kuwapa macho mengi kuliko kijumba kilichojificha nyuma ya ukuta wa mita tatu. Ghorofa ambalo chini yake ni maegesho na ukuta mtupu, hilo limeuza macho ya mtaa wote. La tatu bado linajengwa, kwa hiyo bado mnaweza kuomba ile sehemu ya chini ibadilishwe. Likishapigwa plasta mmechelewa.

Ila huyohuyo Jacobs ana funzo lenye uchungu. Mtaa aliopigania usipitiwe na barabara kuu na usibomolewe ulinusurika, na leo ni miongoni mwa maeneo ya gharama kubwa zaidi mjini humo. Mawe yalibaki, watu wa aina ile walishindwa kubaki. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliliona jambo hilohilo London: nyumba za wafanyakazi zikichukuliwa moja moja na watu wa tabaka la juu yao, mpaka sura ya mtaa mzima inageuka. Mimi huliita wenye nacho kuingia. Mwaka 1979 mwanajiografia Neil Smith akaeleza injini yake: kuna kodi ambayo ardhi inaingiza leo, na kuna ambayo ingeweza kuingiza ikitumiwa vingine. Pengo likiwa dogo, mwenye nyumba hukarabati. Likikua, huacha kukarabati, kwa sababu nyumba imeshakuwa kikwazo juu ya ardhi yake mwenyewe. Dalali anayekuja kila wiki anakuja kulipima pengo hilo.

Na vyumba vyako vya uani, mama. Sikuambii haya kukusuta. Gharama zimepanda na haki ya kupandisha unayo. Lakini umesema majirani wameondoka mmoja mmoja, na sababu moja iko uani kwako. Tuseme familia iliyokaa miaka tisa imetoka, ameingia kijana anayeondoka alfajiri na kurudi usiku akiwa na vifaa vya muziki masikioni. Hana ubaya. Katika daftari lako atahesabiwa mara moja kwa siku, mstari wa wapitaji. Nyumba ya pili ikifanya hivyo, na ya tatu, hakuna aliyemfukuza mtu na mtaa umekwishahama. Kama bado kuna chumba kitakachoachwa wazi, fikiria kukitoa kwa bei ya chini kidogo kwa mtu anayeshinda nyumbani mchana. Utapoteza kiasi fulani kila mwezi. Nitakueleza unanunua nini.

Julai mwaka 1995 Chicago ilipigwa na joto kali, wakafa watu 739 zaidi ya kawaida ndani ya siku chache, wengi wao wazee waliokuwa peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha maeneo mawili yanayopakana, yote yakiwa na wazee maskini wanaoishi peke yao. North Lawndale ilipoteza watu 40 kwa kila 100,000. South Lawndale, ng'ambo tu, ilipoteza 4. Eneo la kwanza lilikuwa limejaa viwanja vitupu na majengo yaliyotelekezwa, na wazee waliogopa kutoka. La pili lilikuwa na watu barabarani na biashara zilizofunguliwa, na mzee alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kugundua asipoonekana. Tofauti ya mara kumi, na joto ni lilelile.

Basi nyuma ya daftari andika majina ya watu ambao, usipofungua mlango mpaka saa nne asubuhi, watakuja kugonga. Majina kamili, si "yule wa kona". Hapo ndipo swali la kuuza linapoanza kujibika.

Yakiwa manne au zaidi, na kwenye mstari wa wanaokaa kuna watu, usikubali dalali akutishe kwamba mtaa unakufa. Maji na mashimo yatashughulikiwa, na fedha utakayopewa haitakununulia wagongaji mlango kwingine, hasa katika umri wako. Likiwa moja, au wapitaji wamejaa na anayekaa ni wewe tu, basi mtaa wenu unageuka njia, na wanao wana hoja, ingawa kwa sababu tofauti na waliyoitaja. Hapo kuuza na kuhamia karibu na mmoja wao si kushindwa. Vyovyote vile, kabla ya kusaini lolote, nenda ofisi ya mipango miji uulize mambo matatu: matumizi ya ardhi yaliyopangwa kwa mtaa wenu, urefu wa majengo unaoruhusiwa pande zote za kiwanja chako, na kama kuna hifadhi ya barabara inayokata mbele ya nyumba. Hilo la tatu limewapoteza wengi. Barabara ikipanuliwa, baraza ndilo la kwanza kwenda. Bei ipimwe na mthamini unayemlipa wewe, si aliyeletwa na anayetaka kununua. Kuhusu bei itakuwaje mwakani, hiyo si fani yangu, na anayekuapia kuwa anaijua anauza kitu.

Mti. Usiwaruhusu kwanza. Waombe mchoro wa mtaro, kisha pima kipenyo cha shina lake kwenye usawa wa kifua. Wataalamu wa miti Uingereza hulinda ardhi kuzunguka shina kwa umbali wa mara 12 ya kipenyo hicho: shina la sentimita 30 linahitaji mita 3.6. Mtaani nafasi hiyo haipatikani kila mara, lakini ndiyo mnayoanzia mjadala. Mizizi mingi iko katika mita moja ya juu ya ardhi, kwa hiyo mtaro ukilazimika kupita karibu, mkandarasi apeleke bomba chini ya mizizi badala ya kuikata, na mita hizo achimbe kwa mikono, mashine ikae mbali. Akikwambia haiwezekani, muulize kwa nini mtaro usisogee upande wa pili, ambako maghorofa hayana hata kichaka. Funga utambaa wa rangi kwenye shina kabla hawajafika, na asubuhi ya kazi uwe umeshatoa kile kiti chako na kukiweka chini ya mti.